Samaki wa Ijumaa na Dhamiri ya Mnunuzi



Desturi ya Kanisa ya kuacha nyama siku ya Ijumaa ni ya kale sana, na katika nchi yetu hushikwa hasa wakati wa Kwaresima. Kwa watu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, na wote wakaao kando ya Ziwa Victoria, kuacha nyama hakumaanishi kulala njaa. Humaanisha kula samaki. Na samaki, tuseme kweli, kwa mtu wa ziwani si mateso makubwa. Msukuma mwenye ng'ombe zake labda ataona uchungu kidogo, lakini Mkerewe amebadili mboga tu. Hatuicheki desturi hiyo njema. Twataka kuuliza neno moja ambalo aghalabu haliulizwi: yule samaki aliyeletwa mezani siku ya toba, amenunuliwa kwa namna gani? Maana yawezekana kabisa mtu akaitii amri ya Kanisa katika sahani yake, na huku ameivunja amri ya Mungu katika kapu lake.

Wengine watashangaa. Watasema: nimetoa fedha yangu halali, nimepewa bidhaa, sikumwibia mtu, dhambi iko wapi? Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliligusa wazo hilo katika barua yake Caritas in Veritate ya mwaka 2009, alipofundisha kwamba tendo la kununua si jambo la uchumi tu bali lina uzito wa kimaadili. Naye Papa Fransisko akalirudia fundisho hilo mwaka 2015 katika Laudato Si'. Sababu yake si ngumu kueleweka. Mtu anunuaye hapokei kitu tu, bali hutoa agizo pia. Shilingi umpayo mwuza samaki leo itamfikia mwenye mtumbwi, nayo itamwambia: nenda kalete tena wa namna hii. Mvuvi hasikii mahubiri yetu usiku akiwa majini. Husikia lile lililonunuliwa mchana.

Basi tutazame ziwa lenyewe. Lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo ni mali ya nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, sisi tukiwa na karibu nusu yake. Msomaji wa Songea au wa Tanga asidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa Mwanza peke yao. Dagaa wanaouzwa kwa magunia pale Mwaloni Kirumba husafiri kwa malori hata Dar es Salaam, na wengine huvuka mipaka kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Mahali popote penye soko na sufuria, ziwa hili lina mnunuzi wake.

Kanuni za uvuvi za nchi yetu zinakataza kuvua na kuuza sangara aliye pungufu ya sentimita 50, na sato aliye pungufu ya sentimita 25. Hazikuwekwa kwa kumwonea mvuvi. Sangara ni samaki awezaye kukua hata kufikia kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 100. Huyo unayemwona juu ya meza ya soko akiwa na urefu wa sentimita 30 si samaki mdogo. Ni mtoto wa samaki mkubwa, na kwa kawaida hajapata kuzaa hata mara moja. Majike yao huchelewa kukomaa kuliko madume. Ukimla huyo, umemla yeye pamoja na uzao wake wote ambao ungalishwa ziwani, tena kwa faida ya mlo mmoja usioshibisha.

Torati ya Musa, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Sheria, ina amri fupi ambayo wengi wetu huipita haraka tunaposoma. Mtu akikuta kiota njiani, mama ndege ameyalalia mayai au makinda, amekatazwa kumchukua mama pamoja na watoto wake. Sharti amwache mama aende zake, na aliyetii ameahidiwa heri na siku nyingi. Tazama jinsi Mungu asivyomkataza mtu kula. Humkataza kuvunja chungu pamoja na kula mboga iliyomo. Kwa ndege, mama ndiye aachwaye; kwa sangara, mtoto aachwe hata awe mama. Njia ni mbili, sababu ni moja. Na ahadi ya siku nyingi wala si fumbo kwa watu wa visiwani: ziwa likiachiwa mbegu, watoto wao watakuwa na kazi.

Hapo mnunuzi huwa na jibu lake tayari, nasi twalijua kwa kuwa tumelisikia mara nyingi: samaki amekwisha kufa, nisipomnunua mimi atanunuliwa na mwingine. Jibu hili lina sura ya akili, walakini ndilo lile lile la mtu apokeaye mali ya wizi. Kuku wa jirani amekwisha ibwa, nisipomla mimi ataliwa na mwingine. Hakuna katekista atakayempitisha mtoto Kipaimara kwa jibu la namna hiyo. Kanisa lafundisha wazi kwamba yule asaidiaye kosa la mwenzake, ama kwa kulisifu, ama kwa kulilipia, ameshiriki katika kosa hilo. Samaki yule hatafufuka, ni kweli. Lakini fedha yako haimlipii yeye tu, yamlipia na ndugu yake aliye hai bado majini.

Serikali imejaribu njia ya nguvu. Mwaka 2018 ilifanyika Operesheni Sangara, nyavu haramu zikakamatwa na kuchomwa moto kandokando ya ziwa, faini zikatozwa. Wavuvi wengi walilalamika kwamba walitendewa kwa ukali kupita kiasi, na malalamiko yao yalifika Bungeni. Mwaka huo huo maofisa wa uvuvi waliingia hata katika mgahawa wa Bunge mjini Dodoma, wakawapima kwa rula samaki waliokwisha pikwa. Waheshimiwa walikasirika, na nchi nzima ilicheka. Sisi hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki katika jambo lile. Kuingia jikoni mwa watu na rula si adabu. Lakini katika kicheko kile palikuwa na ukweli uliotupasa kuushika: samaki mchanga hakuingia mgahawani kwa miguu yake. Palikuwa na mnunuzi. Na nyavu zikichomwa mia moja ufukweni huku meza za mjini zikiendelea kumwita samaki mchanga, watu watasuka nyingine mia moja.

Nguvu ya mnunuzi tumeiona kwa macho yetu wenyewe. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vya Mwanza viliuza sangara wengi Ulaya. Mwaka 1999 zikasikika habari za watu wanaotia sumu majini ili kuvua kwa urahisi, nao Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria. Viwanda vilitikisika, bei ikaanguka, na wenye mitumbwi walijua taabu. Lakini ukaguzi ukakazwa, mialo ikaanza kuangaliwa usafi wake, na uvuvi wa sumu ukapigwa vita kwa bidii ambayo haikuonekana kabla. Sumu ile haikuwa imewatia hofu Wazungu peke yao, yatubidi tukumbuke; sisi ndio tuliokuwa karibu nayo zaidi. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa mbali alikataa, na mnunuzi wa karibu alinyamaza. Je, tumbo la mtoto wa Nyakato au wa Igogo lina thamani ndogo kuliko la mtoto wa Brussels?

Hapa yatupasa kusema na upande wa pili, maana mahubiri yanayowasahau maskini si mahubiri ya Kristo. Minofu ile iliyokwenda ng'ambo iliacha nyuma mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara yenye nyama kidogo iliyosalia, nayo yakakaangwa na kuuzwa kwa watu wasioweza kununua samaki mzima. Wako akina mama ambao hawachagui, kwa kuwa umaskini umekwisha wachagulia. Mjane aliyebakiwa na shilingi chache jioni, akanunua fungu la sato wadogo kwa sababu ndilo lililotosha mkono wake, hatumhukumu, wala padre yeyote mwenye busara hatamtwisha mzigo katika kitubio. Mzigo uwe kwanza juu ya wale wenye nafasi ya kuchagua: mwenye hoteli, mwenye friji, msimamizi wa jiko la shule, mwandaaji wa sherehe za parokia, mtumishi mwenye mshahara anunuaye samaki wa juma zima Jumamosi asubuhi. Hao ndio wanaopanga bei. Mwenye fedha akimkataa samaki mchanga, mvuvi hatamfuata kwa ajili ya senti za mjane.

Tena kwa mwenye fedha kidogo Mungu ameweka dagaa. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Husikia kwamba tusile samaki wadogo, wakadhani na dagaa ni kosa. La, sivyo. Dagaa wa Ziwa Victoria ni mdogo kwa maumbile yake; hukomaa akiwa na urefu wa sentimita chache, huzaa upesi, na ziwa lina wingi wake. Dagaa mzima ni mtu mzima, sangara wa sentimita 30 ni mtoto. Kwa afya nako dagaa hana mpinzani, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, naye huwapa watoto nguvu ya mifupa na damu. Inasikitisha kuona sehemu kubwa ya dagaa wetu ikisagwa kuwa chakula cha kuku, na huku nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa zina watoto waliodumaa.

Katika dagaa kuna uchaguzi mwingine, nao ni wa namna walivyokaushwa. Wavuvi huwavuta kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na alfajiri wanawake huwapokea na kuwaanika. Walio wengi huanika chini mchangani. Jua likiwaka, hukauka. Mvua ikinyesha, huoza, na kazi ya usiku kucha hutupwa. Wengine, kwa gharama yao, wamejenga vichanja vya miti na nyavu, dagaa wakakauka kwa upepo wa chini na jua la juu, pasipo mchanga wala kinyesi cha kuku. Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha makutano kwa mikate na samaki, aliwaagiza mitume wakusanye vilivyobaki ili kisipotee kitu. Naye alikuwa na uwezo wa kufanya vingine kwa neno moja. Mama aliyejenga kichanja ametii agizo hilo. Lakini afikapo sokoni, mnunuzi husema, "Wote ni dagaa tu," akamwendea aliyepunguza bei kidogo, ambaye sado yake imejaa mchanga. Tusistaajabu basi vichanja vikiozea ufukweni. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa zamani zake waliopunguza kipimo na kuuza makapi pamoja na ngano. Angalipita Mwaloni leo angaliwakemea wauzaji wa mchanga. Lakini nadhani asingaliwaacha na wanunuzi, wanaojua wazi kwamba ni mchanga, wakaununua kwa kuwa ni rahisi.

Tuache samaki, tutazame alichobebewa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Ilikuwa sheria njema, na sehemu kubwa ya watu waliitii kwa urahisi kuliko ilivyotazamiwa. Lakini tabia haifi kwa tangazo. Rambo limeondoka, na mahali pake pameingia vile vifuko vyepesi vya kufungia, visivyokusudiwa kubebea, na bado mtu hununua nyanya nne akarudi nyumbani na vifuko vitatu. Mvua ya Mwanza hushuka juu ya vilima vya mawe kwa nguvu, huzoa kila kilicho mitaroni, na Mto Mirongo hukipeleka ziwani.

Na kilichokwenda ziwani hurudi. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya samaki walionunuliwa katika soko la bandarini hapa hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20. Walipopasua matumbo, walithibitisha vipande vidogo vya plastiki katika mmoja kwa kila samaki watano wa kila aina. Hao hawakuwa samaki wa nchi za mbali. Ni wale wale tununuao kwa ajili ya Ijumaa.

Kikapu cha ukindu alichobeba bibi kilikuwa kikienda sokoni miaka mingi, kikachakaa, kikatupwa, kikawa udongo. Kumrudia bibi katika jambo hili si kurudi nyuma. Nasi Wakatoliki tusinyoshee kidole manispaa peke yake. Mtu apite katika uwanja wa kanisa jioni baada ya sherehe ya upadrisho au jubilei, ahesabu chupa za maji zilizoachwa chini ya viti, nyingine zikiwa na maji nusu. Mtungi mmoja safi na vikombe vya kuoshwa vingalitosha, na akina mama wa WAWATA wangaliweza jambo hilo vema kuliko kamati yoyote.

Juu ya mkaa na kuni tutasema kwa kifupi, kwa kuwa lastahili makala yake lenyewe. Sangara si samaki wa ziwa hili tangu mwanzo. Alitiwa humo kati ya miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 aliwamaliza furu wa aina nyingi mno, ambao wataalamu Waholanzi na wenzao Watanzania walikuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza. Furu alikuwa samaki mwembamba, akianikwa juani anakauka. Sangara ana mafuta, hakauki kwa jua, hutaka moto na moshi; basi kuongezeka kwake majini kulipunguza miti nchi kavu. Kwa hiyo anayenunua samaki wa kubanikwa ajue kwamba amenunua na kuni pia, na mwenye uwezo wa gesi asione haya kumnunua samaki mbichi akampika nyumbani. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 wakusudia kwamba kufikia mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Bei ya mtungi wa gesi bado ni kikwazo kwa wengi, na hilo viongozi hawana budi kulitazama kwa haki.

Watu wengine watasema tumefanya kwenda sokoni kuwa kazi ngumu kama kuhiji. Hatukukusudia hivyo. Yatosha kuanza na jambo dogo ambalo Jumuiya Ndogo Ndogo yoyote yaweza kulifanya kabla ya Kwaresima. Baba wa nyumba, au kijana mwenye panga, akate kijiti chenye urefu wa sentimita 50, akichome alama kwa moto pale kwenye 25. Kikae ndani ya kikapu siku zote. Hakuna haja ya kukitoa kwa majivuno mbele ya watu wala kumwaibisha mwuzaji, ambaye mara nyingi ni mama anayetafuta karo ya wanawe na hakuvua yeye. Mnunuzi amwamkie kwa heshima kama ipasavyo: "Shikamoo mama. Leo una sato wa kipimo?" Akiwa naye, amnunue, wala asivutane sana juu ya bei, kwa kuwa samaki aliyengojewa akue ana haki ya kuuzwa ghali kidogo. Akiwa hana, amwambie kwa upole sababu ya kutonunua, achukue dagaa wa kichanjani kwa siku hiyo, amshukuru. Na Ijumaa ijayo arudi kwa mama yule yule, aulize tena.